Shamba la Ukoo Mbele ya Mahakama

Leo tutasoma habari ya shauri moja la shamba. Lilianza mwezi Agosti 1988 katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, likaishia mwezi Februari 1990 mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, Mwanza. Waliogombana walikuwa watu wa damu moja, shangazi na mtoto wa kaka yake. Majina yao yamo katika vitabu vya wanasheria, lakini hapa sitayataja. Ugomvi wa nyumba si jambo la kumtangazia mtu redioni.

Kwanza, maneno ya kuandika ubaoni: shauri la madai. Mashauri ni ya namna mbili. Mtu akiiba kuku, Serikali humshitaki. Hilo ni shauri la jinai, na mwisho wake waweza kuwa kifungo. Lakini ndugu wawili wakigombea shamba, au mjane akidai nyumba, au kibarua akidai mshahara ambao tajiri wake hakumlipa, hapo Serikali haimshitaki mtu. Mmoja humdai mwenziwe mbele ya hakimu. Anayedai huitwa mdai, na anayedaiwa huitwa mdaiwa. Mtu hafungwi kwa sababu ya kushindwa tu. Mali ndiyo huhama mkono, au hubaki pale ilipo.

Mtu asiyefika Kagera huenda akauliza: shamba hilo lina nini hata shangazi na mtoto wa kaka yake wapelekane mahakamani? Basi tuanze na shamba lenyewe.

Katika nchi ya Wahaya, sehemu kubwa ya ardhi ni uwanda wa majani unaoitwa rweya. Udongo wake ni hafifu. Wanawake hulima huko njugu mawe na mazao mengine ya msimu, kisha huuacha upumzike. Katikati ya uwanda huo ndipo vilipo vijiji, na kila nyumba imezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba. Mgeni akiingia kutoka kwenye rweya hudhani amefika nchi nyingine: kuna kivuli, kuna unyevu, udongo ni mweusi. Lakini udongo ule haukuumbwa hivyo. Ulitengenezwa. Watu walikata majani ya rweya wakayaleta kichwani, wakayatandaza chini ya migomba. Wakatia samadi ya ng'ombe, wakatia majani na magogo ya migomba yaliyokatwa. Kazi hiyo ilifanywa mwaka hadi mwaka, baba na mwana na mjukuu. Baadaye mibuni ikapandwa katikati ya migomba, na kahawa ikawa fedha ya kodi na ya karo ya watoto. Na humo humo kibanjani ndimo walimozikwa wazee.

Kwa hiyo Mhaya aliposema "kibanja cha ukoo" hakusema ardhi tupu. Alisema kazi ya babu yake, makaburi ya babu yake, na chakula cha leo jioni. Nawaomba mkumbuke jambo hili mtakapofika kwa yule mtoto wa kaka, msije mkamdhani kuwa ni mtu mwenye tamaa tu. Lakini kumbukeni pia kwamba waliobeba majani yale kichwani hawakuwa wanaume peke yao.

Mila ya Wahaya ilitenga mashamba ya namna mbili. Liko shamba ambalo mtu alilinunua au alilifungua kwa nguvu zake mwenyewe, na liko shamba la ukoo lililotoka kwa wazee. La ukoo lilikwenda kwa watoto wa kiume. Mwanamume aliyelirithi aliweza kuliuza akibanwa na haja, lakini ndugu walikuwa na haki ya kujua. Kama aliliuza kwa mgeni bila ndugu kukubali, ndugu mmojawapo aliweza kumwendea mnunuzi, kumrudishia fedha zake, na kulitwaa shamba lirudi katika ukoo. Huko ndiko kukomboa. Andikeni na neno hilo, maana shauri letu lote limefungwa kwenye neno hilo moja.

Na binti je? Binti aliweza kukaa katika kibanja cha ukoo na kula matunda yake maisha yake yote. Kuuza hakuweza. Wazee walikuwa na sababu yao. Binti huolewa katika ukoo mwingine, na watoto wake ni wa ukoo ule mwingine. Waliogopa kwamba shamba litamfuata, na makaburi ya wazee yatabaki mikononi mwa wageni.

Wasikilizaji wa pwani labda wanatikisa vichwa, kwa kuwa katika sheria ya Kiislamu binti ana fungu lake la urithi lililotajwa wazi, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na fungu hilo ni mali yake. Wasikilizaji wa Uluguru nao watasema kwao ardhi hufuata upande wa mama. Ni kweli. Nchi yetu haikuwa na mila moja ya urithi. Ilikuwa nazo nyingi, na kila moja ilidhaniwa na wenyewe kuwa ndiyo desturi ya binadamu.

Mila hizi zilikuwa vinywani mwa wazee na katika mabaraza ya wakama, yaani watawala wa Buhaya. Wakati wa Waingereza zikaanza kuandikwa. Mwaka 1945 kilichapwa kitabu cha sheria za mila za Wahaya, kilichotungwa na Hans Cory, mtu aliyezaliwa Vienna ambaye alikuwa mtaalamu wa Serikali ya Tanganyika katika mambo ya mila, pamoja na mwenzake Hartnoll. Ni kitabu cha manufaa, na majaji wamekitumia tangu hapo. Lakini kuandika kuna taabu yake. Mila ikiwa kinywani mwa wazee hubadilika polepole, bila mtu yeyote kutangaza kwamba imebadilika. Mzee huyu humwonea binti yake huruma, mzee yule humfuata, na baada ya miaka arobaini watu husema ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ikiisha kuandikwa, hukaa pale pale kwenye karatasi, na hakimu huifungua ukurasa ule ule mwaka hadi mwaka.

Baada ya Uhuru mambo mengi ya ardhi na baraza yalibadilika upesi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria iliyounganisha mabaraza ya wenyeji na mahakama nyingine katika ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo chini, Mahakama ya Wilaya juu yake, na Mahakama Kuu juu ya zote mbili. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuja baadaye, mwaka 1979. Huko Buhaya kwenyewe, sheria ya mwaka 1965 ilianza kuuvunja utaratibu wa nyarubanja, ambao kwao wakubwa walipewa na mkama mashamba makubwa, na watu waliokuwamo wakageuzwa wapangaji wa kulipa kodi juu ya migomba yao wenyewe.

Lakini jambo moja halikuvunjwa, bali liliandikwa tena. Mwaka huo huo wa 1963 Serikali ilitangaza sheria za mila zilizounganishwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Makabila ya ukoo wa mama hayakuguswa. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 ndilo lililohusu urithi na wosia. Warithi waliwekwa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza lilikuwa la mwana wa kiume mkubwa wa nyumba kubwa. La pili lilikuwa la wana wa kiume wengine. La tatu, la mabinti. Na aya ya 20 ilisema kwamba wanawake waweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo: hiyo wataitumia maisha yao, lakini hawataiuza. Wataimiliki kabisa endapo tu hakuna mwanamume aliyebaki katika ukoo.

Kwa hiyo taifa lililokuwa limekwisha kuwaondoa machifu lilichukua maneno ya mabaraza ya machifu juu ya mabinti na kuyapiga chapa ya Serikali. Wenye kazi hiyo walitaka kuwa na sheria moja badala ya nyingi, na hilo laeleweka. Walioumia ni wale wa daraja la tatu.

Tusidhani kwamba watu walinyamaza. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu, majaji wawili wa Mahakama Kuu walisema maneno mawili yasiyopatana. Jaji Hamlyn, katika shauri la Wahaya juu ya wanawake na ardhi ya urithi, alisema kwamba huruma anayo, lakini mikono yake imefungwa. Mila ikitenganisha wanawake na wanaume, si kazi ya mahakama kuigeuza. Wenye mila ndio waigeuze kwa kubadili desturi zao. Jaji Augustine Saidi, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alipata shauri la binti kutoka upande wa kaskazini. Yeye alisema kwamba desturi ya kumnyima binti urithi wa baba yake imepitwa na wakati, na zama za kubagua watu kwa sababu ya kuwa mwanamke au mwanamume zimekwisha.

Sasa wewe ungekuwa hakimu wa mahakama ndogo, majaji wawili wakubwa wamesema hivyo, ungemfuata yupi? Mahakimu wengi walifuata maandishi ya mwaka 1963. Maandishi yako mezani, na wazee washauri wa baraza wanayakubali.

Kwa upande wa mali ya mume na mke, badiliko lilikuja mapema kidogo, nami nalitaja kwa sababu lilifungua njia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu mahakama kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Lakini juhudi ni nini? Mke aliyekaa nyumbani, akapika, akafua, akalea, amefanya juhudi au hakufanya? Majaji waligawanyika miaka mingi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri lililotoka Dar es Salaam kwamba kazi za nyumbani ni kazi, nazo ni sehemu ya juhudi za kupata mali. Hukumu hiyo yasomwa mpaka leo. Mama mwenyewe aliyeleta shauri hakupata alichodai, maana mahakama ilitazama fedha alizokuwa amepewa na mumewe na namna alivyozitumia, ikakataa rufani yake. Wanawake wengine wameila faida ya safari yake.

Turudi kwenye ardhi ya ukoo. Katiba yetu ya Uhuru ya mwaka 1961 haikuwa na orodha ya haki za binadamu, na zilizofuata pia hazikuwa nayo. Orodha hiyo iliingizwa mwaka 1984. Ndani yake mna ibara ya 13, inayokataza mtu kubaguliwa na sheria au na mtu mwenye madaraka. Hata hivyo Serikali ilijipa nafasi ya miaka mitatu ya kutengeneza sheria zake za zamani kabla watu hawajaanza kuzipinga mahakamani. Nafasi hiyo ilikwisha mwezi Machi 1988. Shikeni mwezi huo, kwa kuwa miezi mitano tu baadaye yule mama wa Muleba aliuza kibanja chake.

Mama huyo alikuwa amepata ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake. Baba alimwachia kwa wosia, na mahakama iliuona wosia huo kuwa halali. Miaka ikapita, akazeeka. Nguvu zilimwishia, wala hakuwa na mtu wa kumtunza. Alikuwa na ardhi lakini hakuwa na mikono. Kibanja kisichopaliliwa hurudi kuwa majani, na mzee asiye na mtu wa kumchotea maji hawezi kuikoga migomba yake. Basi, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza shamba kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo wao.

Tarehe 25 Agosti, yaani siku ya pili yake, mtoto wa kaka yake alikuwa amekwisha kufungua shauri Kashasha. Siku moja tu! Aliiomba mahakama itamke kwamba mauzo yale ni batili, kwa kuwa chini ya mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Angalieni vizuri alichoomba na ambacho hakuomba. Hakusema shangazi yake amepunjwa, wala hakusema wosia ni wa uongo. Alisema mwuzaji ni mwanamke, kwa hiyo hakuna mauzo.

Katika Mahakama za Mwanzo za siku zile mawakili hawakuruhusiwa kusema. Kila mtu alisimama na maneno yake mwenyewe mbele ya hakimu na washauri. Mahakama ya Kashasha ilikubaliana na mdai. Mauzo yakawa batili, na mama akaamriwa amrudishie mnunuzi shilingi zake 300,000. Kwa sheria kama ilivyoandikwa mwaka 1963, siwezi kumlaumu hakimu yule sana. Alifungua kitabu akasoma aya ya 20. Lakini tazameni alipobaki mama. Fedha hana, na ardhi aliyorudishiwa ndiyo ile ile asiyoiweza, ambayo sasa haruhusiwi kuiuza kwa mtu awaye yote mpaka kufa kwake.

Mama alikata rufani. Kukata rufani ni kwenda mahakama ya juu na kusema ya chini imekosea. Hakimu wa Mahakama ya Wilaya ya Muleba aliigeuza hukumu. Alisema kanuni ya kwamba wanawake wa ukoo hula matunda tu ni kanuni ya zamani; tangu haki za binadamu ziingie katika Katiba, wanawake wa ukoo wana haki sawa na wanaume wa ukoo. Hukumu yake ilikuwa fupi. Hata mwaka wa haki hizo aliuandika 1987, kumbe ziliandikwa 1984 na kuanza kutumika mahakamani Machi 1988. Kosa la tarehe halikuharibu hoja. Nami namwona hakimu huyu kuwa mtu wa kukumbukwa, kwa kuwa alitangulia kusema neno ambalo Mahakama Kuu ilikuwa haijalisema.

Sasa ikawa zamu ya mtoto wa kaka kukata rufani, na shauri likafika Mwanza kwa Jaji James Mwalusanya. Alitoa hukumu tarehe 22 Februari 1990.

Jaji alianza na maneno ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, pale Mwalimu alipokiri kwamba katika maisha yetu ya jadi, ambayo tunayasifu kwa usawa wake, mwanamke aliwekwa chini ya mwanamume, na kwamba jambo hilo halipatani na ujamaa. Kisha akatazama mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Akafika kwenye Katiba na ibara ya 13. Hapo akaona kwamba aya ya 20 ya mwaka 1963 yabagua wazi.

Lakini ubaguzi huo afanyeje nao? Sheria ya mpito ya mwaka 1984 ilimpa chombo. Ilisema mahakama itazisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho yote ya lazima ili zipatane na haki zilizo katika Katiba. Jaji hakuhitaji kuichana karatasi ya mwaka 1963. Aliisoma upya, akatamka kwamba tangu sasa wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi ardhi ya ukoo na haki sawa ya kuiuza.

Hapa watu wengi husimama. Wanaofurahi husema mwanamke ameshinda, basi. Na wanaonung'unika husema mahakama imeua ardhi ya ukoo. Wote hawakuisoma hukumu mpaka mwisho.

Turudi kwenye neno kukomboa. Kabla ya hukumu hii, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo bila ndugu kukubali, mauzo yake yalisimama, ila ndugu waliweza kukomboa kwa kumlipa mnunuzi. Mwanamke akiuza, mauzo hayakusimama kabisa. Kwa mwanamume ukoo ulitoa fedha; kwa mwanamke ukoo haukutoa hata senti. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yenyewe, na Jaji Mwalusanya aliiondoa hiyo. Haki ya ukoo ya kukomboa hakuigusa. Aliiacha hai, akasema sasa itatumika kwa wote, auze mwanamume au auze mwanamke. Kisha akamwambia yule mtoto wa kaka: ukiitaka ardhi ya ukoo wako, mlipe mnunuzi shilingi 300,000. Akampa miezi sita. Ikipita bila fedha kulipwa, ardhi ni ya mnunuzi.

Kwa maoni yangu hiyo ni hukumu yenye akili ya kijijini kuliko wanavyodhani watu wa mjini. Jaji aliyakubali makaburi, na samadi, na majani yaliyobebwa kichwani. Alichokataa ni kwamba gharama ya kuvilinda vyote hivyo imwangukie mama mmoja mzee. Yeye mwenyewe alisema wanawake wa Tanzania sasa waweza kuinua vichwa vyao, lakini akaonya wasishangilie mno, maana kazi iliyobaki ni kubwa.

Na kweli ilibaki. Hukumu ya jaji mmoja wa Mahakama Kuu haifuti tangazo la Serikali. Mtu aliyelifungua tangazo la mwaka 1963 baada ya hukumu hiyo aliikuta aya ya 20 imeandikwa vile vile, na asiyejua habari ya mwaka 1990 alidhani hakuna kilichotokea. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Ya kwanza yasema haki ya mwanamke kupata, kushika, kutumia na kugawa ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ya pili yasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ya kijiji isifuatwe.

Wajane walibaki nyuma ya mabinti. Tangazo lile lile la mwaka 1963 lilisema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa katika nyumba zao baada ya waume zao kufa, waliiomba Mahakama Kuu iziondoe kanuni hizo. Mwaka 2006 majaji walikubali kwamba kanuni zabagua, lakini wakakataa kuziondoa, wakisema mila za makabila mengi haziwezi kubadilishwa kwa hukumu moja. Laiti Jaji Hamlyn wa mwaka 1968 angekuwapo, angejisikia nyumbani. Wajane walikata rufani. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani yao kwa sababu ya kosa la tarehe katika karatasi ya mahakama, kosa ambalo hawakulifanya wao. Ndipo waliposaidiwa kupeleka malalamiko yao kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa mwaka 1979, ambao Jaji Mwalusanya alikuwa ameutazama huko Mwanza. Mwaka 2015 kamati ilitamka kwamba Tanzania imewavunjia wajane hao haki zao, ikaitaka ibadilishe sheria zake za mila ya urithi.

Sasa mwalimu atazima redio. Someni tena sehemu ya hukumu ya mwaka 1990, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa kidole. Kisha zungumzeni swali hili. Yule mtoto wa kaka alifika Kashasha tarehe 25 Agosti 1988, siku ya pili baada ya mauzo. Kama aliyeuza angekuwa baba yake mdogo na si shangazi yake, angeiomba nini mahakama, na angelipaswa kuja na nini mkononi?